Umemsifia picha, je, kazi yake umeiuliza?

Naombeni dakika chache kabla muda wenu wa kafe haujakata, maana hili linawahusu sana mnaosaka ajira kwenye mtandao.

Kuna tabia imeota mizizi. Mtu anafungua ukurasa LinkedIn, anaweka elimu yake, uzoefu wake, na picha moja ya heshima. Halafu anaingia mtu wa fani hiyo hiyo, mara nyingi mkubwa kwake kikazi, na ujumbe wa kwanza ni: "Picha yako kali." "Umetoka bomba." "Kumbe ofisini kwenu mko warembo hivyo!" Ukilalamika unaambiwa hizo ni sifa tu, nani asiyependa kusifiwa?

Mimi sina ugomvi na sifa. Ninachouliza ni kitu kimoja: huyo anayesifiwa ana uhuru wa kusema "hapana, sitaki" bila kulipia? Twende kwenye kisa kilichotikisa Uingereza, mtaona ninachomaanisha.

Septemba 2015, wakili mmoja wa London, Charlotte Proudman, wakati huo ana miaka 27, aliunganishwa LinkedIn na wakili mwandamizi, Alexander Carter-Silk, miaka 57. Mzee akamwandikia. Alianza kwa kukiri kwamba anajua pengine neno lake halifai kabisa, lakini picha ile inavutia mno, na ingestahili zawadi ya picha bora aliyowahi kuiona LinkedIn. Mwishoni ndipo akagusia ujuzi wa watu na namna wanavyoweza kufanya kazi pamoja. Hebu angalieni huo mpangilio: sura mbele, ujuzi nyuma!

Proudman alimjibu kwamba yuko kwenye mtandao ule kwa ajili ya kazi, hakuja kuzungumziwa umbile lake. Kisha akauweka ujumbe wote Twitter. Moto ukawaka. Carter-Silk akajitetea kwamba ameeleweka vibaya, alikuwa anasifia ubora wa picha na namna ilivyopangwa, kwa sababu watu wengi huweka picha zisizo za kikazi.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi walikiruka. Uingereza wana mawakili wa aina mbili. Kuna wale ambao mteja anawaendea kwanza, wanaoshika faili na kuandaa makaratasi. Na kuna wale wanaovaa joho na wigi na kusimama mbele ya jaji. Kwa desturi ya miaka mingi, hawa wa pili wanapata kesi zao kutoka kwa wale wa kwanza, na wengi wao wamejiajiri wenyewe, hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Simu isipolia, hakuna kula. Proudman ni wa kundi la pili, Carter-Silk wa kundi la kwanza.

Kwa lugha ya mtaani, mmoja yuko upande wa wanaogawa kazi, mwingine upande wa wanaosubiri kuitwa. Ni kama fundi rangi na mkandarasi. Fundi akimtania mkandarasi kuhusu kitambi chake, anajua anachezea mkate wake. Mkandarasi akimtania fundi, fundi anacheka hata kama imemuuma.

Baada ya hapo watu wakaacha kabisa kuujadili ule ujumbe, wakaanza kumjadili dada mwenyewe. Gazeti la Daily Mail likambandika jina la kumfananisha na Wanazi. Magazeti yakachimba Facebook yake, yakakuta aliwahi kusifia picha za wanaume aliowafahamu. "Ahaa, kumbe na yeye!" Wengine wakasema amejimaliza, nani atampa kesi tena baada ya kumuanika mtu mzima hadharani?

Hilo la Facebook ni hoja nyepesi. Mshikaji wako akiweka picha ya harusini ukamwandikia "umetisha," hakuna ajira ya mtu iliyo mezani. Mnajuana, na akichukia atakutukana mtayamaliza.

Hilo la kujimaliza ndilo lililonifumbua macho zaidi. Fikirini vizuri, wadau. Kama ule ujumbe ulikuwa sifa tu ya kirafiki, isiyo na uzito wowote, kwa nini kuukataa kugharimu kesi za mtu? Waliosema "atakosa kazi" walidhani wanamkosoa Proudman, kumbe walikuwa wanathibitisha hoja yake. Walikuwa wanakiri kwamba wagawa kazi wanaweza kumwadhibu anayekataa sifa zao. Zawadi ambayo ukiirudisha unapigwa, hiyo ina jina lingine.

Kuhusu kumuanika mtu kwa jina, hapo tunaweza kubishana. Mtu anaweza kusema angemalizana naye faragha, na ana haki ya kusema hivyo. Ila dada aliendelea na uwakili wake, wala hakupotea kama walivyotabiri.

Kisa cha pili kinaonyesha kwamba si lazima mtu awe na nia mbaya. Aprili 2013, Rais Barack Obama akiwa California alimsifia Kamala Harris, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo. Alitaja kwanza akili yake na uchapakazi wake, kisha akaongeza kwamba ndiye Mwanasheria Mkuu mwenye sura nzuri kuliko wote nchini. Watu wakapiga kelele, Obama akampigia simu kumwomba radhi. Upande wa Harris ukajibu kwamba wao ni marafiki wa miaka mingi na anamuunga mkono Rais. Labda kweli hakuumia. Lakini niambieni, mwanasiasa anayepanda ngazi angemjibu nini kingine Rais wa chama chake? Mwenye nguvu mpishe!

Turudi nyumbani. Kuna dada mmoja hapa Dar, ana diploma ya uhasibu, nilikaa naye kumsaidia kupanga ukurasa wake. Picha tuliipiga ukutani kwa simu, shati jeupe, basi. Wiki haijaisha akatumiwa ujumbe na mtu aliyejitambulisha kuwa mkurugenzi wa kampuni: "Una sura ya kufanya kazi na sisi. Nitumie nyingine ya mwili mzima." Vyeti hakuulizwa. Dada hakujibu, akaifuta picha yake. Sasa ukurasa wake una kile kivuli cha kijivu kisicho na uso, na kila mwajiri anayepita anaweza kudhani ni akaunti feki. Yaani aliyekosewa ndiye aliyejificha, na mkosaji anaendelea kutuma "hi dear" kwa wengine. Hiyo ndiyo hasara halisi, na haiandikwi gazetini.

Najua kuna watakaosema, "Wewe unatuletea Uzungu, sisi tuna utamaduni wa kusifiana." Ni kweli, tena mzuri. Mama wa mapokezi akikuambia asubuhi "leo umependeza, mwanangu," siku yako inanoga. Lakini angalieni mazingira yake: mnajuana, anasema mbele ya watu, anasema kwa wote, na hakuna anachokidai. Heshima hiyo hiyo ya kwetu ndiyo inayotufundisha kwamba huwezi kumkuta binti wa watu usiyemjua, aliyekuja kuomba kazi, ukaanza na umbile lake. Babu zetu wangekuuliza una shida gani.

Isitoshe, mlango huu tunajua unaelekea wapi. Maneno "rushwa ya ngono" hatukuyaazima kwa Wazungu. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inaitambua kama kosa. Si kila anayesifia picha anafika huko. Ila wanaofika huko mara nyingi wanaanzia hapo, kwa neno dogo la kupima maji: akicheka, anaongeza lingine.

Kwa upande wa sheria za kazi, Kenya kupitia Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Safi sana. Lakini yule dada wa diploma hana mwajiri bado, sera ya nani itamlinda? Ndiyo maana Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019, ni wa maana kwetu: unawataja wanaotafuta kazi na walio kwenye mafunzo, na unagusa mawasiliano ya kazi yanayopitia teknolojia. Uganda na Rwanda waliuridhia mwaka 2023. Hata LinkedIn wenyewe wanakataza kwenye kanuni zao kuufanya mtandao ule uwanja wa kutongozana.

Kwa hiyo kaka zangu, na mabosi mnaopita humu kimyakimya, kabla ya kubonyeza kutuma jiulizeni: ujumbe huu ningemwandikia mhasibu mwanaume mwenye umri wa baba yangu? Kama jibu ni hapana, futa. Ukivutiwa na mtu kikazi, muulize kazi.

Na dada zangu, na kaka pia maana hata nyie yanawakuta, msifute picha zenu. Ujumbe wa hivyo upigie picha ya skrini na uutunze, ripoti kwa wenye mtandao, mwonyeshe mtu unayemwamini. Hamlazimiki kucheka wala kusema asante.

Ila swali moja bado linaniumiza kichwa, nisaidieni: ukiwa huna kazi, kodi inadaiwa, na aliyekusifia picha ndiye mwenye nafasi pekee iliyotangazwa mwezi huu, unamjibuje? Toeni maoni bila matusi, na aliyekutwa na haya si lazima ataje jina.

Naomba kuwasilisha.