Homa ya Bwera, kutu ya Kasese na madoa ya Mirihi

Juni 2019, aliyevuka Mpondwe kutoka Kongo kuingia Bwera, wilayani Kasese nchini Uganda, alinawa mikono, kisha akaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Kilichotafutwa ni homa. Lakini homa ya Kasese ina wenyewe wengi, malaria ikiwa ya kwanza. Mtoto wa miaka mitano aliyefikishwa Hospitali ya Kagando alitengwa kwa kushukiwa tu, akahamishiwa Bwera. Neno Ebola lilitangazwa Juni 11, baada ya sampuli yake kupimwa Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda.

Utaratibu ule hunijia akilini kila zinapovuma habari kwamba dalili ya uhai imeonekana sayari fulani. Septemba 2025 zilivuma tena. Mwanasayansi Joel Hurowitz na wenzake walieleza jiwe la Mirihi lililotobolewa na gari la Perseverance Julai 2024: tope la kale lililoganda, lenye madoa kama ya chui. Ndani ya madoa wameona alama za madini mawili, moja la chuma na fosfeti, jingine la chuma na salfa. Katika matope ya duniani, madini ya namna hiyo mara nyingi huachwa na bakteria. Je, tuseme Mirihi ilikuwa na uhai?

Kasese ina la kusema hapa, kwa kuwa imeishi na chuma na salfa kwa miongo mingi. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yalirundikwa karibu na mji tangu miaka ya 1950. Yalikuwa pairaiti, yaani chuma na salfa vilivyoshikana, na kobalti kidogo ndani yake. Mvua ikinyesha, maji yalichuruzika kutoka kwenye rundo yakiwa na rangi ya kutu na ukali wa tindikali, yakaelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth na kuacha mkondo wa ardhi tupu ambapo hata nyasi zilikufa. Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kuyaweka mabaki hayo kwenye matangi ya maji yenye tindikali, joto la nyuzi 42 hivi, hewa ikipulizwa humo usiku na mchana. Waliofanya kazi yenyewe ni bakteria. Wao hujipatia nguvu kwa kuoksidisha chuma na salfa, na jiwe likimeng'enyuka, kobalti inaachiliwa.

Sasa tazama ugumu ulipo. Pairaiti hushika kutu hata pasipo kiumbe chochote. Maji na oksijeni vinatosha. Kinachobadilika bakteria wakiingia ni kasi, ambayo kwenye maji ya tindikali inaweza kupanda hadi mara milioni. Ukipewa kiganja cha kutu kavu bila kuambiwa ilichukua muda gani wala katika joto gani, huwezi kujua nani aliifanya. Na Mirihi tumepewa kutu tu. Hurowitz na wenzake hawakulificha hilo. Walieleza kwamba njia zisizo na uhai za kutengeneza madini yale kwa kawaida huhitaji joto kali, na jiwe lile halionyeshi kuwa liliwahi kuchomwa. Hata hivyo hawakuufunga mlango. Hapo ndipo ninapowaheshimu.

Siko upande wa wanaotaka wanasayansi wanyamaze hadi wawe na hakika. Bwera hawakunyamaza. Kosa ni kuitangaza homa kana kwamba ni ugonjwa. Mwaka 2021 mwanasayansi Jim Green na wenzake walipendekeza ngazi saba za kupanda kutoka dalili ya kwanza hadi uthibitisho, na kwangu kila kichwa cha habari kingepaswa kutaja ngazi iliyofikiwa. Kwa K2-18b, sayari iliyo umbali wa miaka nuru 124, timu ya Nikku Madhusudhan ilitangaza Aprili 2025 kwamba mwanga wa nyota uliopenya hewa yake unaashiria gesi ya salfa ambayo hapa duniani hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini. Wengine walipochambua vipimo vilevile, dalili ilififia. Gesi hiyo pia ilishaonekana kwenye nyotamkia isiyo na bahari wala mwani. Kutoka huko hatutapata sampuli. Tutabaki na kipimajoto maisha yetu yote.

Mirihi ni tofauti, na ndiyo sababu inaniuma. Kipande cha jiwe lile kimeshakatwa na kufungwa ndani ya mrija. Makadirio ya gharama ya kuileta mirija ya Perseverance duniani yalifika dola bilioni 11, na mpango ukakwama. Ningelipa. Kipimo kinachohitajika hakiwezi kufanyika juu ya magurudumu, kama vile damu ya Bwera isivyoweza kupimwa kwa kutazamwa paji la uso, na kipande kinachosubiriwa hakizidi ukubwa wa chaki.