Chama na Miquissone: bei nzuri, biashara mbaya

Hapa Katesh ubishi wa Simba na Yanga haulali, na unaofufuka kila mara ni wa mwaka 2021: Simba walifanya vyema kuwauza Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri? Wanaotetea huhesabu fedha. Mimi natazama uwanjani. Februari mwaka huohuo Miquissone ndiye aliyewafunga Al Ahly bao pekee kwenye Uwanja wa Mkapa, na Simba wakamaliza msimu wakiwa mabingwa mara ya nne mfululizo. Wawili hao walipoondoka, Yanga wakatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi. Mchezaji akitakiwa na Al Ahly humzuii, na ukimzuia atachezea kinyongo. Kosa ni kuwaachia wote dirisha moja la usajili. Mfugaji wa huku kwetu Hanang hapeleki madume yake mawili ya mbegu kwenye mnada mmoja. Chama alirudi Januari 2022, Miquissone 2023, lakini huyu wa pili hakuwa yule tuliyemjua. Chama naye, mkataba ulipokwisha 2024, akaenda Yanga bure.