Nani Amekuchagulia Mlango?



Mwezi huu tunaweka kando habari za uji wa lishe, tuzungumzie simu na kompyuta za nyumbani. Msiogope, jambo lenyewe si gumu.

Programu inayofungua kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Chrome, Firefox, Opera na Edge ni vivinjari. Simu moja yaweza kuwa na viwili au vitatu, lakini kimoja ndicho chaguomsingi: ukibonyeza anwani uliyotumiwa katika ujumbe, hicho ndicho hufunguka chenyewe. Sisi wa Ifakara tunaelewa upesi. Kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa, gari la kwenda Mahenge lilipita kivukoni, upende usipende.

Mara nyingi mlango huo tumechaguliwa na wengine. Simu nyingi za Android huja na Chrome tayari, na kompyuta za Windows huja na Edge. Wakubwa wanajua thamani yake. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, sababu mojawapo ikiwa kuwalazimisha watengenezaji wa simu kuweka Chrome. Mahakama iliipunguza kidogo mwaka 2022.

Yatuhusu nini sisi? Kila kivinjari kina daftari lake, ambamo hutunza kurasa ulizosoma na maswali uliyouliza. Wakati wa kilimo cha mpunga, mama huhamia shamba na simu hubaki kwa mtoto mkubwa. Mtoto akiandika herufi mbili tatu, kivinjari humalizia swali ambalo mama aliuliza usiku kuhusu uvimbe wa titi. Siri ya mgonjwa, ambayo sisi wauguzi tumefundishwa kuilinda, imetoka. Baya zaidi, mama aliyeaibika haulizi tena, na uvimbe unaendelea kukua.

Fanyeni hivi:

1. Wekeni vivinjari viwili. Cha watoto kiwe chaguomsingi, ili kila anwani ifunguke huko. Cha mama kifunguliwe na mama mwenyewe. Kimoja kikiomba kunakili kumbukumbu za kingine, kataeni.

2. Kubadili chaguomsingi, ingieni Mipangilio, kisha Programu, kisha Programu chaguomsingi.

3. Angalieni hapo mara kwa mara. Mchezo wa bure alioupakua mtoto kwenye kompyuta waweza kuja na kivinjari kingine kinachojaribu kushika nafasi hiyo.

Zipo pia programu za kompyuta zinazobadili zenyewe, anwani za shule zikafunguka huku na za kazi kule. Zinafaa ofisini. Nyumbani, viwili vyatosha.

Baba naye aelezwe. Hatufundishi kufichana katika ndoa. Tunalinda heshima ya anayeugua, awe mama, baba au binti. Mama anayesifiwa katika Mithali 31 aliijua nyumba yake yote, na leo simu ni sehemu ya nyumba.

Mwisho, kivinjari hakina mikono ya kupima. Ukigusa uvimbe titini, usingoje mavuno. Njoo kituo cha afya wiki hii hii.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.