Hata Mwanangu Angechora Hii!

Mwezi huu nataka niongee na wewe ambaye mwenzi wako ni mchoraji. Tena sio yule wa kuchora twiga na Mlima Kilimanjaro wa kuwauzia watalii. Nasema yule anayejaza turubai kwa rangi, mistari na maumbo tu. Wataalamu wanaita sanaa dhahania. Majirani wanaita kupoteza muda!

Najua ilivyo. Asubuhi nzima anaitazama turubai. Mchana anapaka, jioni anakwangua alichopaka, na ada ya mtoto inasubiri. Ukimuuliza, "Sasa hii ni nini?" ananuna, na siku mbili hamsemeshani.

Kwanza tusidanganyane kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Toka Tarime, pita Nyamongo mpaka Mugumu, ingia Hifadhi ya Serengeti kwa geti la Ikoma, halafu shuka kusini hadi kwenye vilima vya mawe vya Moru. Pale mwambani kuna michoro ya Wamasai, ya tangu kabla hawajahamishwa kutoka hifadhini mwaka 1959. Hata baiskeli imo! Lakini kinachokamata jicho ni ngao zilizogawanywa kwa mistari na mabaka mekundu, meusi na meupe. Ndani ya ngao hizo hakuna simba wala ng'ombe. Kwa morani, alama za ngao zilisema yeye ni wa kundi gani, na nyingine hukuruhusiwa kuziweka mpaka uonyeshe ushujaa. Yaani mstari na doa tu, mtu anasomeka. Asiyejua angesema watoto wamechezea udongo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mfikirie mama anayekandika nyumba: anapaka udongo, anasubiri ukauke, unapasuka, anarudia juu yake. Ukimkuta siku ya kwanza utasema kaharibu. Mchoraji wako naye anakwenda kwa tabaka, ila mara nyingi yeye hana picha kamili kichwani. Rangi ya kwanza ndiyo inayomwonyesha ya pili.

Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, alitumia zaidi ya mwaka mmoja kwa picha zake mbili kubwa ziitwazo HOWL, eon, zilizokamilika 2017. Alizichorea ndani ya kanisa lililoacha kutumika huko Harlem, New York. Mrusi Wassily Kandinsky yeye alichora Composition VII kwa siku nne tu, Novemba 1913. Siku nne! Lakini kabla ya hapo alishafanya michoro ya majaribio zaidi ya 30.

Katika siku hizo nne, mwenzi wake Gabriele Münter, naye mchoraji, aliipiga picha turubai ile hatua kwa hatua. Leo tunajua ilivyokua kwa sababu yake. Mapenzi yao hayakudumu. Walitengana, na mwaka 1917 Kandinsky akaoa mwingine. Hata hivyo, utawala wa Hitler ulipoipiga vita sanaa ya aina hii, Münter ndiye aliyezificha kazi za Kandinsky nyumbani kwake Murnau. Mwaka 1957 akazikabidhi kwa makumbusho ya Lenbachhaus, Munich. Jamani, huyo ni mwanamke!

Sikuambii uvumilie kila kitu. Nakuomba haya tu:

Badili swali. Achana na "hii ni nini?" Muulize, "Umeanzia wapi?" au "Mbona ile nyekundu umeifuta?" Utashangaa atakavyoongea.

Usihukumu tabaka la kwanza. Saa za kukodolea macho turubai nazo ni saa za kazi.

Pesa zina siku yake. Kaeni mkubaliane kipi kitalipa ada wakati picha hazijauzika: mabango, kuandika majina ya maduka, chochote cha halali. Ila msiliongee akiwa ameshika brashi.

Na wewe mchoraji, mwenzako hasomi mawazo. Mwambie umefikia wapi na unahitaji muda gani. Anayekushikia taa ukichora usiku naye anachoka, na siku akiondoka, hutampata mwingine wa kukuhifadhia kazi zako kirahisi hivyo.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni!