Chuo kirudi Kariakoo
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani, kilipo sasa. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo: kitivo kimoja tu, cha sheria, wanafunzi wasiofika 20, shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili, Pius Msekwa akiwa Makamu Mkuu wa kwanza. Kiongozi wake ninayemheshimu zaidi ni Profesa Matthew Luhanga, aliyekiongoza kuanzia 1991 hadi 2006: alipokea chuo kilichochoka akakitia katika mageuzi makubwa. Kimekua, na kimezaa vyuo vikuu vingine: Sokoine 1984, Muhimbili na Ardhi 2007. Lakini ukuaji wa majengo na idadi ya wanafunzi haunitoshi; nataka elimu yake irudi Kariakoo kilikoanzia. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka hapa hapa Kariakoo na kuua watu. Nguzo, nyaya, maji ya chini ya ardhi, msongamano wa Mtaa wa Kongo: haya ni maswali ya utafiti, na wataalamu wake wako Mlimani. Uongozi wa chuo ufungue kituo cha utafiti hapa sokoni, na matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wafanyabiashara wenyewe.