Ndimi za Samaki Si Aibu

Wanafunzi wenzangu, kule kaskazini mwa Norwe, katika visiwa vya Lofoten, kuna kijiji kidogo ambacho jina lake ni herufi moja tu: Å. (Hutamkwa kama "o", usiniulize kwa nini.) Barabara kuu huishia hapo. Mbele ni bahari, nyuma ni milima ya mawe matupu. Shamba la mahindi hulioni ng'o!

Sasa, kuanzia Januari hadi Aprili samaki waitwao skrei hufika huko kutoka Bahari ya Barents. Hufungwa wawili wawili na kuning'inizwa kwenye vichanja bila chumvi, upepo ukawakausha. Vichwa navyo hukaushwa, vikauzwa hadi Nigeria. Lakini kabla ya hapo watoto wa visiwa hivyo, wengi wao wadogo kuliko sisi, huja na visu baada ya masomo, wakakata ndimi za samaki hao na kuziuza. Pesa ni zao, na kazi yenyewe ni ya kujivunia.

Hapa kwetu je? Mimi jioni humsaidia mama kuuza omena sokoni. Basi kesho yake darasani ni "Bwana Omena" na watu kuziba pua! Wenzangu wawili waliacha kuuza mandazi kwa sababu ya maneno kama hayo, na mmoja wao sasa hayuko shuleni, karo ilimshinda. Sisemi mtoto afanyishwe kazi usiku kucha, la hasha. Saa moja au mbili, kisha vitabu. Walimu wetu wapendwa, naomba anayemcheka mwenzake kwa sababu ya kazi aadhibiwe sawa na anayechelewa gwaride.