Twahesabu pointi, mabega ya watoto hatuyahesabu

Msimu wa mashindano ya shule ukifika, huku Mjambere na Kisauni nzima huwa ni shangwe. Na nafurahi, maana michezo imewatoa vijana wengi vijiweni. Lakini kuna jambo sijasikia likizungumzwa na walimu wala sisi wazazi: mabega ya watoto.

Chukua voliboli. Mpigaji hodari huinua mkono ule ule mazoezini kila jioni, kisha siku ya mashindano akacheza mechi mbili au tatu kwa kuwa ratiba imebanwa na basi limekodiwa. Akisema bega lauma, hupewa dawa ya maumivu ya dukani, usiku akakandwa kwa mafuta, kesho yuko uwanjani.

Mtoto wa miaka 13 bado anakua. Kwenye ncha ya mfupa wa mkono, pale begani, pana sehemu laini ambako mfupa hurefukia. Mkono ukirushwa kwa nguvu mamia ya mara bila mapumziko, sehemu hiyo huumia kidogo kidogo, pasipo kuanguka wala kugongwa. Kwa kuwa hatuoni uvimbe wala damu, twamwita mvivu. Tiba yake kubwa ni kupumzika, mara nyingi kiasi cha miezi mitatu. Kukanda huliwaza msuli uliochoka, mfupa hakuuponyi.

Wamarekani waliliona hili kwenye besiboli. Mwaka 2007 ligi yao ya watoto, Little League, ilianza kuhesabu mipira. Leo mrushaji wa miaka 11 au 12 hapitishi mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzika siku nne. Yupo mtu pembeni mwenye kalamu, kazi yake kuhesabu tu.

Sisi tuna Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa video za YouTube hadi akawa bingwa wa dunia Beijing 2015, mita 92.72. Vijana wamwiga, na ni haki yao. Ila video haimwambii mtoto aache lini.

Walimu wa michezo, kalamu na daftari havingoji bajeti ya kaunti. Nasi wazazi, maumivu yakipita wiki mbili, au yakimwamsha mtoto usiku, tumpeleke hospitali apigwe picha, hata kama fainali ni Jumamosi. Najua nauli ya kuvuka daraja hadi Makadara, na foleni ya huko. Kwa kuanzia, muulize mwanao leo amepiga mipira mingapi wiki hii. Kama hajui, muulize kocha wake.